Chuma Kisichoweka Kinyongo

Biashara ya skrapu haina mteja wa kuchagua. Aliyefika kwa Musila pale Kitengela alipimiwa kwa mizani, akapakia, akaenda zake. Kwa hiyo Elsie Adero alipoingia yadini na kikapu cha sokoni, akachuchumaa mbele ya rundo la waya wa kufungia nondo na kuanza kuuchambua kipande kwa kipande, Musila alimtazama kitambo, kisha akamwuliza kama amepoteza hereni.

"Sijapoteza kitu, mzee. Natafuta waya ambayo haijapakwa rangi wala zinki."

"Hapa hatuchagui, madam. Unabeba vile iko."

"Sawa. Nitabeba vile iko, halafu zile mbaya nikurudishie uuzie mwingine. Hapo nani amepoteza?"

Musila aliitazama mizani yake. Alikuwa ametoka Mwala miaka ya tisini na nguo alizovaa tu, akaokota vyuma kandokando ya barabara ya Namanga hadi akawa na yadi yenye lango na kufuli. Tangu hapo hakuna aliyemwacha bila jibu isipokuwa Kalunde, mkewe. Jambo lile lilimuudhi. Akamwacha mama huyo achague.

Elsie alipomaliza aliuliza swali la pili. "Hizi kompyuta zimekufa, uko na zile sumaku za ndani ya diski?"

Kompyuta hizo zilitoka maofisini Nairobi. Musila aliuza mabati yake na waya zake za shaba. Sumaku hakuwahi kumpata mtu wa kuzitaka. Lakini kitu kikiulizwa, kimeshapata bei.

"Hizo ni adimu sana," akasema, akitikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

Elsie akainua macho. Ukutani, sumaku kadhaa zilikuwa zimejipanga juu ya mabati, zimeshikilia kalenda, kofia, na kipande cha kioo cha kunyolea.

"Kumbe," akasema. "Na kalenda yako inaning'inia kwa mali adimu namna hiyo."

Kalunde, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, alicheka mpaka mengine yakamwagika.

Hivyo ndivyo Musila alivyomjua Elsie, mwaka wa elfu mbili na nne, na kila alichojifunza juu yake baadaye alikipata kwa kuvutana hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa Ugenya. Alikuwa ameajiriwa miaka mingi katika maabara ya kiwanda kimoja cha rangi huko Nairobi, hadi kiwanda kilipopunguza wafanyakazi na jina lake likawa miongoni mwa yaliyosomwa. Sasa alipanga vyumba viwili Kitengela, Jumapili aliimba sauti ya pili kwaya ya kanisani, na siku nyingine zote aliwaza jambo moja. Nusu ya maisha yake alikuwa amelipwa kutia rangi kwenye vitu. Sasa alitaka alipwe kuitoa.

Na rangi ya kutoa ilikuwepo. Kule Isinya kulikuwa na shamba la maua ambalo lilichovya waridi jeupe kwenye rangi ya buluu, maana ng'ambo kuna watu wanaotaka waridi la buluu na Mungu hakuliumba. Maji yaliyobaki yalimwagwa mtaroni, mtaro ukashuka hadi kwenye bwawa la Sironka, mfugaji aliyelikodishia shamba hilo ardhi yake. Siku moja ng'ombe mweupe wa Sironka alitoka bwawani na midomo ya buluu. Sironka alimchukua yule ng'ombe, akampeleka hadi mlango wa ofisi ya meneja, Gakuru, akamfunga hapo.

"Muulize amekunywa nini," akamwambia.

Kisha akatoa neno lake. Mvua ndefu zikianza kabla maji yale hayajawa safi, hatatia kidole kwenye mkataba mpya wa ardhi. Gakuru akaanza kusikiliza kila mtu aliyejigamba kuwa anaweza kusafisha maji, na Elsie, aliyetaka kupika unga wa chuma unaonyonya rangi kisha kuutoa majini kwa sumaku, alikuwa mmoja wao. Alipewa nafasi ya kuonyesha mbele ya macho ya Gakuru na ya Sironka. Akifaulu, kazi ya maji yote ya shamba ni yake. Akishindwa, pesa alizokuwa ameweka akiba zimeisha. Angefunga virago arudi Ugenya akapimie watu mafuta taa katika duka la kaka yake.

Musila alipoyajua haya, alipendekeza mapatano. Yeye atatoa waya, sumaku, mapipa, na kona ya yadi ya kufanyia kazi. Hatadai kitu sasa. Kazi ikipatikana, atalipwa kwa kila kilo ya unga wa chuma ambao shamba litatumia.

"Kwa kilo?" Elsie aliuliza.

"Kwa kilo. Mimi mtu wa mizani."

"Nimekubali."

Mteja akikubali kabla hujafunga mdomo, rudi nyuma uhesabu vidole vyako. Musila alikuwa akiwafundisha wengine hivyo kila siku. Siku hiyo hakuhesabu.

Kazi yenyewe ilinuka. Elsie aliyeyusha waya kwenye asidi ukawa maji ya kijani, sehemu akaiacha ishike kutu iwe ya manjano, akachanganya zote mbili kwa kipimo chake, kisha akamimina amonia huku anakoroga kwa nguvu zote. Papo hapo pipa liligeuka jeusi ti. Zipporah, jirani wa chapati, alikuja kuuliza ni nani anachemsha mkojo wa punda. Alipoonyeshwa ule weusi akasema, "Yesu!" akarudi kwa chapati zake.

Musila alitia kidole, akasugua. Hakuhisi punje yoyote. Ulikuwa laini kuliko masizi.

"Hizi punje ni ndogo kiasi gani?"

"Ng'oa unywele mmoja. Ukitaka kuvuka upana wake, utapanga hizi maelfu bega kwa bega."

"Na umezionaje?"

"Sijaziona. Kuna rafiki yangu wa zamani, ana mashine inayozipima. Mimi naona tu kazi ambayo punje zinafanya."

Na kazi ilionekana. Waliweka ndoo ya maji ya buluu kutoka shambani, Elsie akatia siki kidogo, akatia kijiko cha ule unga, akakoroga. Buluu ikatoweka. Musila alipiga kofi. Lakini maji sasa yalikuwa meusi, na unga ule haukutaka kutoka. Walibandika sumaku kubwa kwa nje ya ndoo wakangoja. Chai ya saa nne ikanywewa, chakula cha mchana kikaliwa na vyombo vikaoshwa, ndoo ikabaki kama kahawa iliyopoa.

"Sumaku inaita na hakuna anayeitika," Musila alisema. "Madam, punje zako ni ndogo mno. Fanya kubwa."

"Nikifanya kubwa zitakuja haraka. Lakini zina tabia."

"Tabia gani? Chuma ni chuma. Kubwa ni nzito, nzito inavutika. Hata mtoto anajua."

Hakutaja kwamba nzito pia inapima vizuri kwenye mizani. Elsie alibisha siku mbili tatu, lakini siku ya Gakuru ilikuwa imekaribia na yeye hakuwa na njia nyingine ya kutoa ule weusi majini. Akapika unga mwingine, polepole sasa, moto mdogo, punje zinenepe. Musila alipouona ukirukia sumaku kama kuku kwa mtama, alimpa Kalunde nauli ya kwenda kumsalimia dada yake. Hakuwa mtu wa kutoa nauli ovyo.

Kule Isinya walisimama nyuma ya mabanda ya nailoni, Gakuru na Sironka upande huu, ndoo upande ule. Ndoo ya kwanza Elsie aliikoroga, akaweka sumaku, na maji yakang'aa kabla Gakuru hajamaliza kusafisha miwani yake.

"Haiya!" akasema Gakuru.

"Sasa tuone kama unga huo huo utafanya tena," akasema Elsie.

Aliondoa sumaku. Akamimina maji ya magadi ili unga uachilie rangi uliyoibeba, akakoroga. Unga haukutawanyika. Sumaku ilikuwa imeondoka, lakini punje zilibaki zimeng'ang'aniana mabonge mabonge, kama kupe chini ya mkia wa ng'ombe. Alikoroga hadi jasho likamtoka. Katika ndoo ya pili mabonge yalizama chini na maji yakabaki buluu. Ya tatu ilikuwa buluu zaidi.

Sironka aliinama, akachungulia. "Musila, rafiki yangu. Dawa yako ni ya ng'ombe mmoja? Mimi niko na wengi."

Gakuru hakucheka. Alisema kuna watu wa matangi makubwa wanaokuja kumwona kutoka Nairobi, ila kwa kuwa ile ndoo ya kwanza ameiona kwa macho yake, atawangoja hadi soko la mifugo la Kajiado lijalo lipite. Baada ya hapo asisumbuliwe.

 Walipofika yadini Elsie alichukua bisibisi, akafungua diski moja ya kompyuta, akamwekea Musila mapajani sahani yake inayong'aa kama kioo.

"Unajua hii kazi yake ni nini?"

"Kuuzwa."

"Kabla ya kuuzwa. Hapa ndani ofisi iliweka barua zake zote. Uso wa hii sahani ni punje za sumaku. Unazigeuza ziangalie huku au kule, na hata ukienda zako zinabaki hivyo hivyo. Zinakumbuka. Waliotengeneza diski waliogopa kitu kimoja, punje isiwe ndogo mno, kwa sababu ikiwa ndogo mno inasahau na barua inapotea."

"Sasa?"

"Sasa mimi nataka zile wao wanaogopa. Punje kubwa ikishageuzwa na sumaku hairudi. Sumaku inaondoka, lakini yenyewe imeshakuwa sumaku, na jirani yake pia, basi zinashikana na hakuna wa kuzitenganisha. Rangi haiingii katikati, unga umekufa. Lakini ndogo, hili joto tu la kawaida la mchana linaitikisa, kichwa chake kinageuka huku na huku bila kupumzika. Sumaku ikija, inaitika. Ikiondoka, ni kama hamkuwahi kuonana."

Musila aliigeuza ile sahani, akajiona uso. "Kumbe kubwa iko na kinyongo."

"Kabisa. Na wewe ndiye uliniambia nitengeneze wenye kinyongo."

"Mimi niliangalia kilo," akakiri, maana ilikuwa wazi na kukana kungemchelewesha tu. "Lakini hao wasio na kinyongo pia hawana nguvu. Waliitwa mchana kutwa."

"Hapo ndipo nimekwama. Kuna mpaka wa ukubwa. Juu yake zinakumbuka, chini yake zinasahau. Zile za kwanza nilizimwagia amonia zikiwa baridi, zikawa ndogo kupita kiasi. Nikipasha maji moto kidogo zitakua, zikae karibu na mpaka bila kuuvuka. Zitavutika zaidi. Lakini bado kila moja ni nyepesi, na katikati ya pipa ni mbali na sumaku."

Musila alijua mambo ya umbali. Kabla ya skrapu alikuwa dalali mdogo soko la Kajiado, na aliona wenzake wakisimama langoni na kupiga kelele hadi koo likauka. "Ng'ombe dhaifu hafiki langoni, madam. Anachoka njiani, anauzwa hukohuko. Mimi nilikuwa naweka mtu kwa kila njia, hata ile ya mbuzi. Akitokeza tu pua, ameshikwa."

"Mtu kwa kila njia," Elsie akarudia.

 Macho yake yalihama, yakatua kwa Kalunde, aliyekuwa ameinamia sufuria iliyoungua, anaisugua na kile kifundo cha waya laini kama nywele.

"Mama Kalunde, naomba hiyo waya."

"Ngoja nimalize."

"Naomba saa hii."

"Na ugali tutapikia kwa nini, kwa hiyo kompyuta?"

Alimaliza sufuria yake kwanza. Kisha Elsie akauosha ule waya, akausokomeza ndani ya kipande cha paipu ya plastiki, akapanga sumaku za diski kwa nje. Akaeleza huku mikono yake ikifanya kazi. Sumaku ikiwa nje, kila unywele wa ule waya nao unakuwa sumaku, na hakuna punje itakayopita paipuni bila kupitia karibu na unywele mmojawapo. Sumaku zikiondolewa, waya ule laini nao unaachilia. Musila alimwaga maji meusi kwa juu. Chini yalitoka meupe. Alichungulia ndani ya paipu kwa jicho moja, kisha akaenda moja kwa moja kununua kila kifundo cha waya kilichokuwa katika maduka ya barabarani, kabla bei haijapata habari.

Soko la Kajiado lilipita. Walirudi Isinya na paipu ndefu, na Sironka alikuja na mambo mawili ya kwake. La kwanza ni ndoo aliyoichota mwenyewe chini kabisa ya tangi la kuchovyea maua, nzito kama wino. La pili ni yule ng'ombe mweupe.

"Takwenya," akamsalimu Elsie kwa Kimaasai.

"Iko," Elsie akamjibu.

"Gakuru atasoma karatasi zake. Karatasi yangu ni huyu."

Elsie alitia siki, akatia unga mpya uliopikwa kwa maji ya vuguvugu, kidogo hata Musila akaona aibu kwa uchache wake. Akakoroga, akamimina paipuni. Upande wa chini maji yalitoka yakiteremka taratibu kwenye ndoo nyeupe, na weupe wa ndoo haukubadilika. Gakuru alitumbukiza leso yake, akaikamua, akaishika juani. Akaitazama mbele na nyuma.

"Hata sabuni ya mke wangu haifanyi hivi," akasema.

"Bado," akasema Elsie. "Mara ya mwisho tulianguka hapa."

Akabandua sumaku zote. Akamimina maji ya magadi juu ya paipu, na ule weusi uliokuwa umeshikwa ukaporomoka wote kwa mara moja, laini, umetawanyika kama masizi mvuani, hakuna bonge hata moja. Akabandika sumaku tena, akapitisha. Unga ukabaki ndani. Nje ikatoka buluu tupu, imejaa kikombe kimoja. Buluu yote ya ndoo ya Sironka ilikuwa imeingia katika kikombe. Gakuru aliinusa, akawaita watu wake wa kuchovya maua. Rangi ile aliyokuwa akiimwaga mtaroni ilikuwa imerudi mkononi mwake.

Unga ule ule ukafanya ndoo ya pili. Ukafanya ya tatu. Musila aliacha kuhesabu, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Elsie alianza kuimba chinichini, sauti ya pili peke yake bila ya kwanza, na wasichana wa shamba waliokuwa wamekusanyika wakaujua ule wimbo wa kanisa wakamjazia sauti zilizobaki, ndoo zikaendelea kuja, na Gakuru mwenyewe akakunja mikono ya shati akaanza kumimina.

 Sironka alimleta ng'ombe. Elsie alitupa chembe za magadi kwenye ndoo safi, akaonja kwa ncha ya ulimi, akaisukuma mbele. Ng'ombe alinusa. Akapuliza. Kisha akazamisha mdomo na kunywa hadi akaanza kulamba chini ya ndoo, na alipoinua kichwa midomo ilikuwa ya rangi aliyozaliwa nayo.

"Ashe oleng!" Sironka alishukuru huku anacheka, akapiga mgongo wa Gakuru mpaka miwani ikateleza. "Amesaini! Lete karatasi na mimi nisaini."

Katika kelele zile Musila alimsogelea Elsie, akamwita binti wa Ugenya kwa Kijaluo. "Nimekuona, nyar Ugenya. Umemwekea magadi. Ng'ombe gani anakataa magadi?"

"Ilikuwa ya kuondoa ukali wa siki, mzee. Ilikuwa lazima."

"Na kumfurahisha?"

"Hiyo sikumtoza."

Elsie aliipata kazi, maji yote ya shamba, akilipwa kwa maji yaliyosafishwa na si kwa kitu kingine. Baada ya mwaka shamba la pili likamwita, kisha la tatu. Alinunua kiwanja Isinya, akajenga, na kaka yake wa Ugenya bado anapima mafuta taa mwenyewe. Sironka alipata bwawa ambamo ng'ombe hutoka bila kupakwa rangi. Gakuru alipata ardhi yake kwa mkataba mpya, na rangi yake pia.

Ama Musila, mvua ndefu zilipokwisha alikwenda kudai kilo zake. Elsie alimletea unga wote uliotumika shambani msimu mzima, maana ulioshwa kwa magadi ukarudishwa kazini, ukaoshwa, ukarudishwa. Ulienea katika kopo moja la mafuta ya kupikia. Musila aliuweka kwenye mizani yake ya skrapu. Mshale ulitikisika kidogo kwa adabu, ukatulia.

"Tuongee upya," akasema.

"Nani alisema kilo, mzee?"

"Mimi."

"Kama ningesema mimi, ungenirudishia?"

Musila alifikiri, akaona hawezi kudanganya uso kwa uso. "Nisingekurudishia."

"Basi."

Akapokea malipo yake, ambayo hayakujaza mfuko wa shati, na hakuweka kinyongo. Kwa mtu wa biashara hicho ni mzigo usiouzika. Lakini alikuwa ameyapitia mapatano yao tena kichwani akiwa barabarani na akagundua kwamba paipu hazikutajwa popote. Shamba la pili lilipohitaji paipu, na la tatu, aliyekuwa na sumaku za diski zote za Kitengela na waya wote wa kusugulia sufuria alikuwa yeye. Elsie alivutana naye asubuhi nzima, akapunguziwa kidogo sana, akalipa. Zikauzwa kwa paipu moja moja. Mizani ilibaki langoni.

Zile sumaku za ukutani alikuwa ameziuza za kwanza kabisa. Kalenda yake siku hizi imeshikwa na msumari.